Anayechekwa si yule sherifu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji wa Arusha aliyewashukia vijana wa Moshi kwa kukodi ukumbi na kuonyesha picha ya zamani ya kikauboi, Blazing Saddles. Ameandika kwamba picha ile ni matusi kwa mtu mweusi, kwamba ni ushuzi mtupu (neno ni lake, na kwa sehemu moja ya picha amepatia kabisa), na kwamba sherifu mweusi (sherifu ndiye askari mkuu wa mji) ni kitu kilichobuniwa ili wazungu wapate kucheka. Akamalizia kwa kuzitaka mamlaka zichukue hatua. Mimi nilikuwamo ukumbini, viti vya mbele kwa sababu ya macho yangu. Yeye, kwa jinsi alivyoieleza, nadhani alisimuliwa na mtu aliyetoka mapema.

Mimi ni mstaafu wa reli. Nilianza kibarua kwenye gengi, nikibeba mataruma na kupiga kokoto, nikaishia mnyapara, na kazi yangu yote imepita kati ya Korogwe na Arusha. Kwa hiyo wakati vijana ukumbini wakisubiri bastola, mimi nilikaa sawa tangu picha ilipofunguka, maana inafunguka na gengi la reli.

Mwaka ni 1874, huko magharibi ya Marekani. Jua linachoma. Watu weusi na Wachina wanatandika njia, wanyapara wazungu wako juu ya farasi. Mnyapara mmoja anachoshwa na ukimya, anadai wafanyakazi waimbe zile nyimbo zao za utumwani. Bart, kijana mtanashati aliyechezwa na Cleavon Little, anatazamana na wenzake, wanasafisha koo, kisha wanaimba kwa sauti laini za ukumbi wa hoteli kubwa wimbo wa Cole Porter wa mwaka 1934, yaani miaka 60 kabla haujatungwa. Wanyapara wanachanganyikiwa. Siyo huo! Basi wanashuka wenyewe kwenye farasi, wanaanza kuimba na kurukaruka ili kuonyesha jinsi mtu mweusi anavyotakiwa kucheza, huku wafanyakazi wamesimama na zana zao mkononi, wanawatazama. Sasa namwuliza msomaji wa Arusha: pale anayechekesha ni nani?

Halafu kikaja kiberenge. Hapa naomba nisikatwe maneno, Mhariri, kwa sababu ndipo penye picha yote. Mbele ya njia kuna wasiwasi wa mchanga unaomeza. Mnyapara mdogo anapendekeza wapeleke farasi wakapime ardhi. Mkubwa wake, Taggart, anamkaripia: farasi ni mali, hatuwezi kupoteza farasi, peleka weusi wawili. Bart na mwenzake wanapanda kiberenge cha kusukuma kwa mikono, wanakwenda, na kweli kinaanza kuzama na wao juu yake. Taggart anafika mbio, anaagiza kamba. Kamba inarushwa, inanasa kiberenge, kinavutwa mpaka nchi kavu. Watu wameachwa kwenye mchanga hadi shingoni. Taggart anapumua: bahati iliyoje, karibu tupoteze kiberenge cha dola 400.

Vijana walicheka mpaka viti vikalia. Mimi pia nilicheka, lakini hesabu ile naijua. Niliwahi kumwona msimamizi wa mkandarasi mmoja, simtaji, siku kifusi kilipoporomoka masika kwenye shimo la kalvati na vibarua wawili wamo ndani. Swali lake la kwanza lilikuwa kama pampu ya maji imenusurika. Vibarua walitoka wazima, tuliwachimbua kwa koleo na mikono, na jioni wakapangiwa kazi ya kuisafisha ile pampu. Hakuna aliyekuwa ametunga kichekesho. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba picha ya Taggart na kiberenge inamdhihaki mtu mweusi, namwona hajawahi kusimama kwenye tuta la reli akahesabiwa pamoja na vifaa.

Bart anajitoa kwenye mchanga, anaokota koleo, anampiga nalo Taggart kichwani. Anahukumiwa kunyongwa. Na hapo ndipo kisa chenyewe kinaanza, ambacho barua ya Arusha haikukigusa hata kwa mstari mmoja: ardhi. Kwa kuwa mbele kuna mchanga, lazima njia ikunje na kupita kwenye mji wa Rock Ridge. Mwanasheria mkuu wa jimbo, Hedley Lamarr, ameiona ramani kabla ya wenye mji. Anataka wakazi wakimbie ili aichukue ardhi kwa bei ya bure kabla reli haijafika. Kwanza anatuma majambazi wakawachome moto. Wakazi hawatoki, wanamwandikia gavana awapelekee sherifu. Lamarr anakaa, anafikiri, anamkuta Bart kwenye foleni ya kitanzi, na anamteua yeye: sherifu mweusi, ambaye watu wa Rock Ridge kwa ubaguzi wao ama watamwua ama watahama mji kwa hasira. Gavana anatia saini kila karatasi anayowekewa, macho yake yako kwenye kifua cha katibu muhtasi.

Sisi wa huku tunaijua hadithi ya reli na viwanja. Reli ya Wajerumani kutoka Tanga ilifika Moshi 1911, Waingereza wakaifikisha Arusha 1929, na tangu wakati huo mpaka treni ya abiria iliporudi Moshi 2019 na Arusha 2020, baada ya miaka mingi ya vituo kuota majani, sijawahi kuona njia ikipimwa au kufufuliwa bila mtu mmoja mjini kuwa ameiona ramani kabla ya mwenye mgomba. Sisemi zaidi. Nasema tu kwamba kichekesho kilichoshika jambo hilo hakiitwi upuuzi.

Sasa yale matusi. Ni kweli yamo, tena mengi. Lile neno baya wanaloitwa watu weusi Marekani linasemwa humo bila kuhesabika. Lakini angalia linatoka midomoni mwa nani. Watu wa Rock Ridge, ambao wote ukoo wao ni Johnson, wametundika mabango na kupanga bendi wampokee sherifu mpya. Mzee mmoja juu ya paa anamwona anakuja na anapiga kelele kuwaonya, kengele ya kanisa inameza neno lake. Sherifu anafika, amevaa vizuri kuliko mtu yeyote mjini, na sherehe inakufa. Bunduki zinatolewa. Bart anafanya nini? Anajielekezea bastola yake mwenyewe kichwani, anajiteka, anatishia kwamba mtu akisogea atamlipua huyu mweusi. Na wale watu wenye bunduki wanaogopa, wanazishusha, mama mmoja analia kwamba masikini asaidiwe! Anajikokota mwenyewe mpaka ndani ya ofisi, anafunga mlango, anacheka. Mji mzima umedanganywa na mtu mmoja aliyejua ujinga wao ulivyo.

Lakini kipande kinachonisumbua hadi leo ni kidogo, hakina mlio wa risasi. Bibi kizee mmoja, Bart anamsalimia barabarani kwa heshima, anamjibu kwa tusi zito. Siku nyingine, baada ya Bart kuuokoa mji na Mongo, jitu lililotumwa na Lamarr kumwua, bibi yuleyule anakuja usiku dirishani kwa ofisi ya sherifu na pai ya matufaha aliyoioka mwenyewe, anaomba radhi. Anaondoka, halafu anarudi dirishani kumwambia kwamba bila shaka atakuwa mstaarabu wa kutosha asimwambie mtu yeyote kuwa wamezungumza. Mhariri, mtu aliyeandika kipande kile alikuwa ameonja pai ya namna hiyo.

Na kwa kweli mtu wa namna hiyo alikuwamo. Msomaji wa Arusha ameandika kwamba picha ni ya wazungu watupu waliojifungia chumbani. Waandishi walikuwa watano: Mel Brooks aliyeiongoza, Norman Steinberg, Andrew Bergman ambaye wazo la kwanza lilikuwa lake, Alan Uger, na Richard Pryor, yule mchekeshaji mweusi ambaye wakati ule hakuna aliyemzidi makali Marekani. Brooks alitaka Pryor awe ndiye sherifu, kampuni ya filamu ikakataa. Akachukuliwa Cleavon Little, mwigizaji wa jukwaani aliyekuwa ameshapata Tony, tuzo kubwa ya michezo ya jukwaani Marekani, mwaka 1970. Brooks mwenyewe ni Myahudi wa Brooklyn, mzaliwa wa 1926, aliyekwenda vitani Ulaya na kikosi cha wahandisi cha kutegua mabomu. Humo kwenye picha kajifanya chifu wa Wahindi Wekundu, anaongea Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya, anaiacha familia ya Bart ipite salama. Kati ya watu wote wa mpakani, waliowaonea huruma wasafiri weusi ni hao. Mimi sina shaka Brooks alijua anachokisema.

Kuhusu sherifu mweusi kuwa kitu cha kubuni: hapo ndugu yetu ameachwa na historia. Wanahistoria wengi wanakadiria kwamba karibu mmoja kati ya kila kauboi wanne wa zama zile alikuwa mtu mweusi, ila picha za sinema ndizo zilizowafuta. Yuko Bass Reeves, aliyezaliwa mtumwa Arkansas mwaka 1838, akaapishwa naibu mashali, yaani askari wa serikali kuu, 1875, akawakamata wahalifu katika eneo ambalo leo ni Oklahoma hadi 1907. Hata mwanawe wa kumzaa, alipomwua mkewe, inasimuliwa kwamba hati ya kumkamata aliichukua baba mwenyewe. Na Cleavon Little kazaliwa Oklahoma hiyohiyo, 1939. Sisi tuliokua kwenye kumbi za sinema hapa Moshi, tukitoka nje tunarushiana risasi za vidole, hatukuwahi kuonyeshwa stelingi mweusi hata siku moja. Mtu mweusi kwenye picha zile akionekana ni wa kushika farasi wa mwenzake. Ndiyo maana nilipomwona Bart akipita jangwani kwa madaha, na nyuma yake Count Basie, yule mpiga piano wa jazi, na bendi yake nzima wamekaa mchangani wakipiga muziki, nilisema kwa sauti ambayo haikustahili ukumbini. Wajukuu waliona aibu.

Sasa ushuzi. Kweli upo. Wale majambazi wa Taggart wamezunguka moto usiku, wanakula maharage na kahawa nyeusi, halafu mmoja baada ya mwingine wanainuka kidogo na kuachia. Hakuna kingine. Lakini namwomba msomaji akumbuke picha zote za kikauboi alizowahi kuona. Wanaume wale wamekula maharage miaka nenda rudi mbele ya macho yetu, na matumbo yao kimya. Mtu aliyelala kambi ya gengi iliyoshiba makande anajua kwamba Brooks ndiye wa kwanza kusema ukweli. Watu wa kampuni walimtaka akikate kipande hicho, pamoja na lile neno na pale Mongo anapomtandika farasi ngumi. Mkataba wake ulimpa kauli ya mwisho. Brooks amesimulia kwamba aliyaandika yote waliyomwagiza, akaitikia, kisha akaitupa karatasi. Na yule gavana asiyesoma anachosaini ameitwa Le Petomane, jina la jukwaani la Mfaransa aliyejaza ukumbi wa Moulin Rouge mjini Paris kwa kujamba tu, kwa hiyo ushuzi ule una ukoo.

Kilichoufurahisha zaidi ukumbi wa Moshi wala si hicho. Ni geti. Majambazi wanatoka kasi kuja kuuteketeza mji, wauaji, wezi wa farasi, wabaya wa kila aina. Katikati ya jangwa, kushoto wazi na kulia wazi, wanakuta geti la ushuru linalodai sarafu. Wanasimama! Wanapanga foleni! Taggart anauliza nani ana chenji, hakuna, anamtuma mtu arudi akalete gunia la sarafu. Wakati huo watu wa Rock Ridge wanapata muda wa kumalizia mji wa bandia waliouweka mbele ya ule wa kweli, kuta za mbao tupu zisizo na nyumba nyuma yake. Nyuma yangu alikaa mama anayeshusha ndizi kutoka Rombo, na alicheka mpaka akaomba maji. Anayajua mageti.

Na nani aliujenga mji ule wa bandia kwa usiku mmoja? Gengi la reli. Bart aliwaita wenzake wa mataruma, weusi, Wachina na Waayalandi, kwa sharti moja: wapewe ardhi wakae. Wakazi wanakubali kuwapa weusi na Wachina, lakini Waayalandi hapana! Ni baada ya watu wa gengi kugoma wote pamoja ndipo wanakubaliwa wote. Kwenye gengi letu alikuwapo Msambaa, Mpare, Muha, Mnyamwezi na mimi, na kila mji tuliopita ulikuwa na Waayalandi wake.

Sitaki msomaji adhani nimeipenda yote. Namna picha inavyowachukulia wanawake, ukimwacha Madeline Kahn, ni ya kizamani na ya uvivu. Kahn kama mwimbaji Lili aliyechoka na wanaume anaupiga wimbo wake vizuri kiasi kwamba aliteuliwa kuwania Oscar, lakini yule katibu wa gavana hana kazi isipokuwa kutazamwa. Na mwisho umenizidi. Ugomvi unavunja ukuta wa studio, unaingia kwenye picha ya jirani ambako watu wamevaa kofia na wanacheza dansi, unamwagika barabarani, Lamarr anakata tiketi kwenye sinema ya Grauman's Chinese akidai bei ya mwanafunzi, na Bart naye anaingia kutazama picha yake inavyoisha. Wajukuu wanasema hapo ndipo ubingwa. Mimi nilitaka kujua reli ilipita wapi.

Hoja moja ya msomaji naikubali yote. Watoto walikuwamo, wengine wa darasa la pili au la tatu, na haikufaa. Hata kwao Marekani picha hii ilipotoka 1974 ilipewa alama ya R, yaani mtoto aliye chini ya miaka 17 haingii peke yake. Wala kuwa na heshima hakuondoi hilo: mwaka 2006 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza kwenye orodha ya filamu za kuhifadhiwa na taifa, na bado si ya watoto. Vijana wenyewe nimeshazungumza nao pale Njoro. Safari ijayo wataonyesha saa mbili usiku, mlangoni atakaa mtu mzima, na chini ya miaka 18 haingii.

Nimewaomba jambo la pili, na hapa namhitaji msomaji wa Arusha kuliko nilivyomlaumu. Kauboi mkubwa kuliko wote, John Wayne, alikuja kwetu. Mwishoni mwa 1960 na mwanzoni mwa 1961 Howard Hawks alipiga picha ya Hatari! huku Tanganyika, kambi yao ikiwa Momella, na ikatoka 1962. Wayne humo anakamata vifaru na twiga kwa ajili ya bustani za wanyama, na watu wetu wanapita pembeni wakishika kamba. Huyo huyo Wayne, Brooks amesimulia, alipewa muswada wa Blazing Saddles, akasema ni mchafu mno kwa jina lake lakini siku ikitoka atakuwa wa kwanza kwenye foleni. Vijana wamekubali kuzionyesha picha hizo mbili jioni moja, Hatari! kwanza. Baba yangu mdogo alikuwa dereva Usa River wakati ule na alikuwa akituhadithia magari yenye kiti kilichofungwa mbele kwenye bampa kwa ajili ya kunasa wanyama. Amefariki. Lakini Momella, Ngare Nanyuki na Usa River lazima wapo wazee walioshika zile kamba, na wao watakuwa na la kusema kuliko mimi. Msomaji kama anawafahamu, awaandikie vijana kupitia gazeti hili, nauli ya wazee watatu mpaka wanne tutachanga.

Mnyapara mstaafu,
Njoro, Moshi